Jina Kwenye Geti la Kamau

Ovaroli ya Baba ilikuwa imekunjwa chini kabisa ya sanduku, na nilipoifungua tu tapentaini ikanipanda puani. Mama alikuwa ameketi kitandani akigawa nguo za marehemu, hii ya shemeji, hii ya kanisa, nami nikabaki nimesimama na nguo yenye madoa ya kila rangi, nisijue pa kuiweka. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni harufu tu. Baba alikuwa mochari siku ya tatu, na tulikuwa tumepanga kumsafirisha nyumbani magharibi Ijumaa, tumzike Jumamosi.

Kuna jambo moja nililokuwa nimejiapiza kulifanya kabla hajafukiwa. Nilitaka kumpigia simu mzee mmoja anayeitwa Kamau, aliyekuwa jirani yetu, nimwambie kwamba si Baba aliyeandika jina lake getini ile siku. Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na Baba alijitwika kosa langu hadi akaingia nalo mochari. Nimekuwa mtu mzima kwa muda wa kutosha kulisema, na kila mwaka nimepata kisingizio.

Wenzangu wa rika langu mliolelewa upande huu wa mji mnakumbuka kwamba mageti yetu yalikuwa na majina. Baba alijifunza herufi kwenye karakana ya reli. Kazi yake ilikuwa kuandika namba ubavuni mwa mabehewa, na alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake alitoka na brashi sita, fimbo ya kuegemezea mkono, na mazoea ya kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki. Herufi zake zilikuwa nene, zimesimama wima, za mabehewa hasa. Kinyozi akitaka bango la madoido, Baba alimpa behewa. Watu walilalamika kidogo, wakazoea, na mwishowe njia yetu yote pale Mowlem ikawa inasomeka kwa mkono wa mtu mmoja.

Kila Desemba mageti yalipakwa upya kabla watu hawajapanda basi kwenda ushago, kijijini kwao, na Baba alikuwa na utaratibu wake ambao hakuubadilisha kwa ajili ya mtu yeyote. Siku ya kwanza alipiga msasa, kisha akafunika geti lote kwa rangi ya kijivu, jina la mwaka uliopita likapotea kabisa. Hiyo aliita koti ya kwanza. Kijivu kikishakauka, siku ya pili au ya tatu, alirudi na uzi wake wa chaki akaandika jina upya, na kando yake akachora kitu walichochagua wenye nyumba. Sisi tulikuwa KWA WAFULA, na kuku. Ng'ambo ya njia, geti likitazamana na letu, walikuwa KWA KAMAU, na birika linalofuka mvuke, kwa sababu Mama Wambui hakuwahi kumwachia mgeni aondoke bila chai.

Kamau alikuwa fundi wa cherehani. Alishonea sebuleni kwake, na hakuna sare ya shule katika njia ile ambayo haikupita mikononi mwake. Alikuwa akitoka nje na tepu ya kupimia shingoni, anasimama mbele ya geti letu na kumwuliza Baba, "Wafula, hapo umechora alama ya nyumba ama ni menyu?"

"Wewe kunywa chai yako," Baba anamjibu bila kugeuka. "Kuku akiiva hutaitwa."

"Nitaitwa na harufu."

Na kweli alikuwa anakuja. Walikuwa marafiki kwa namna ya wanaume wa mtaani, yaani kutukanana kidogo kila jioni na kupeana misumari.

Mimi Baba alinifundisha kujaza. Yeye alichora mipaka ya herufi, nami nikajaza katikati kwa brashi ndogo, ulimi nje, nikiogopa kuvuka mstari. Wambui, binti wa Kamau, tulikuwa darasa moja, na alichora vizuri kuliko mimi, jambo nililolikubali shingo upande. Tulikuwa na mchezo wetu tuliouita nusu. Mmoja anachora nusu ya kitu, nyuma ya kalenda ya zamani, halafu anampa mwenzake amalizie bila kuambiwa ni nini. Nusu ya ng'ombe wangu ilirudi ikiwa ng'ombe mbele na pikipiki nyuma. Tulicheka hadi mwalimu akatutenganisha viti. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba ukipewa nusu lazima umalize.

Mwaka ule uchaguzi uliwekwa karibu sana na Krismasi, na wengi hawakusafiri kwa sababu walitaka kupiga kura kwanza. Baba alipata kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Aliandika kuta za kila chama, na mtu akimwuliza yuko upande gani alisema anauza rangi, hauzi kura. Mimi nilidhani uchaguzi ni sikukuu ya watu wa rangi. Kisha matokeo yakatangazwa, zikasikika kelele za furaha upande mmoja, na baada ya muda mfupi zikaanza za aina nyingine upande wa pili. Moshi ukasimama huko viwandani. Maduka yakafungwa. Redio ilizungumza juu ya vijana wa jamii fulani kushambulia watu wa jamii fulani, lugha ambayo hadi leo inanikera, kwani sote tulijua ni nani wanasemwa, hata mimi mtoto nilianza kujua. Kamau alikuwa wa kule. Sisi tulikuwa wa huku. Hadi wiki ile nilikuwa nadhani kule ni ng'ambo ya njia na huku ni upande wetu.

Watu wakaanza kuja kwa Baba mmojammoja. Walikuja kupitia mlango wa nyuma, wakaongea naye kwa sauti ya chini, na Baba akachukua kopo la kijivu na kwenda. Alianza na geti la Kamau. Halafu la mwalimu aliyekuwa kwenye kona. Halafu la mama mmoja mjane. Kisha hata watu wa kwetu wakataka, maana hakuna aliyejua ni vijana wa upande gani watakaotangulia kufika, na siku ya tatu Baba akafunika kuku wetu. Njia nzima ikawa kijivu. Nilifurahi sana. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilijua utaratibu wa Baba kuliko nilivyojua sala ya Bwana, na kwangu kijivu kilikuwa na maana moja, kwamba majina mapya yanakuja. Nilihesabu mageti na kujiuliza atanipa yapi nijaze.

Lakini kijivu kilikauka na Baba hakurudi. Alikaa kwenye kochi na redio sikioni. Nilimwuliza, "Baba, tutaandika lini?" Akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Bado." Na mimi neno hilo nililielewa kama linavyosemwa na fundi. Rangi bado. Ngoja.

Tulikatazwa kutoka. Hata hivyo Mama alinituma kila asubuhi ng'ambo ya njia, hatua kumi na nne kwa kukimbia, nipenyeze chini ya geti la Kamau mfuko wa sukuma wiki au unga kidogo. Mama Wambui naye alinirudishia chumvi au majani ya chai. Chini ya mfuko niliweka karatasi ya nusu, na Wambui aliweka yake. Ndivyo tulivyozungumza siku zile. Nilichora nusu ya sufuria, ikarudi na ugali mdogo sana ndani na watu sita wakiutazama. Nilichora nusu ya jua, ikarudi imezungushiwa pazia. Hatukuwa na lolote jingine la kuchezea, na mpaka leo sijapata tena mtu ambaye nilimwelewa kwa haraka namna ile.

Siku moja mfuko ulirudi na mchoro wa geti. Geti la kwao, limepakwa kijivu kwa penseli kwa uangalifu mkubwa, halina jina, halina birika. Nililigeuza huku na huku. Ilikuwa nusu, nikaona. Amechora koti ya kwanza na ameniachia jina.

Mchana ule Mama alikuwa kwenye foleni ya unga, na Baba alikuwa kwa mchungaji, ambako wanaume wa kanisa walikuwa wakipanga zamu za kulinda njia. Nikachukua kopo la rangi nyeusi lililobaki na brashi namba mbili. Sikuweza kupiga mstari peke yangu kwa sababu uzi unataka watu wawili, kwa hiyo nikaandika kwa macho. Njia ilikuwa tupu kabisa. Nilipokuwa kwenye herufi ya pili nikasikia Wambui nyuma ya bati.

"Neke? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unafanya nini huko nje?"

"Namaliza."

"Unamaliza nini?"

"Utaona."

Akacheka. Alikuwa hajui ni nini, ila alicheka kwa kuwa kulikuwa na mtu. Akakaa pale akinisikiliza nikiandika, ananiambia walichokula na kwamba baba yake anashona mapazia mazito ya madirisha yote, mpaka nikamaliza KWA KAMAU na birika, na mvuke mistari mitatu. Herufi zilikuwa zimepanda upande mmoja. Mimi niliona ni kazi nzuri kuliko zote za Baba. Siku zile watu wazima walikuwa wameacha kabisa kutumia mageti ya mbele, kwa hiyo Mama na Baba walirudi jioni kupitia nyuma wasione kitu, nami nikalala na siri yangu tumboni kama mtu aliyeficha zawadi.

Walikuja asubuhi, tukiwa tunakunywa uji wa chumvi. Kwanza tukasikia vyuma vikiburutwa juu ya mageti, geti baada ya geti, wakipita bila kusimama kwa kuwa hapakuwa na cha kusoma. Halafu kimya. Walikuwa wamesimama. Baba alichungulia tundu la geti letu, na nikaona mgongo wake ukibadilika. Akafungua akatoka na fulana yake ya kulalia.

Nilichungulia palepale alipokuwa amechungulia. Walikuwa vijana kama ishirini, na mmoja wao nilimjua, Baba alikuwa amemwandikia bango la kuoshea magari. Waliongea kama watu wa kwetu.

"Buda, hapa ni kwa nani?"

"Walihama," Baba akasema. "Hayo ni maandishi ya zamani. Hakuna mtu hapo."

Yule wa bango akaweka kidole kwenye herufi, akakivuta. Kilitoka cheusi. Akampaka Baba kifuani, taratibu.

"Ya zamani na inashika mkono? Nani ameandika hii?"

Baba akalitazama geti. Alizitazama zile herufi moja baada ya nyingine, na najua hasa ni wakati gani alipotambua, kwa sababu alitaka kugeuka kunitazama na akajizuia. "Mimi," akasema. "Kazi yangu si ni kuandika? Mimi ndiye nimeandika. Nimewaambia hakuna mtu." Alisema kwa sauti kubwa, na nyuma ya lile bati Kamau alikuwa amesimama akishikilia komeo. Alisikia kila neno.

Walimsukuma Baba ukutani wakavunja geti. Mama Wambui na watoto walikuwa wameruka ukuta wa nyuma wakaingia kwa jirani. Kamau hakuwahi kuruka. Walimvunja mkono wa kulia, mkono wa mkasi, na cherehani wakaitoa nje wakaichoma pamoja na mapazia yale mazito. Haikuchukua muda. Walipoondoka Mama alitoka na maji, akamwosha Kamau uso palepale chini.

Mchana lori la ndugu yao lilikuja kuwachukua. Walipakia godoro moja, masufuria na mabunda ya vitambaa yaliyopona. Baba alivuka njia na mimi, ameshika kichwa changu kwa nguvu hadi kinauma. Kamau alikuwa ameketi kwenye jiwe, mkono umefungwa kwa leso ya mkewe.

"Wafula," akasema, "ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Nilikuomba ufute."

"Uliniomba nifute, na nikafuta. Halafu nikaandika. Nisamehe, Kamau. Ilikuwa mazoea tu ya kazi."

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo, na ule mkono ukanikaza kichwa. Wambui alikuwa juu ya lori kati ya godoro na mama yake. Yeye alijua. Alikuwa amekaa nyuma ya geti akinisikia. Alinitazama, hakusema neno, na mimi sikusema, lori likaondoka. Ni hapo nilipouelewa mchoro wake. Haukuwa nusu. Alikuwa amechora geti lao kama lilivyokuwa, akamaliza.

Jioni Baba aliniketisha nyuma ya nyumba na kitambaa chenye tapentaini, akanisafisha rangi chini ya kucha, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atanichapa. Alipomaliza akasema, "Hii ni yangu sasa. Usimwambie mtu, hata mama yako. Wewe endelea kucheza." Sikuchora tena. Yeye naye hakuandika tena jina la mtu kwenye geti, na hakuna aliyemwomba. Ukipita njia ile leo utakuta namba tu. Miaka iliyofuata alituma salamu kwa Kamau kila alipopata mtu wa kwenda kule mlimani walikohamia, nami nilikuwa namwona akimsubiri yule mtu arudi. Alikuwa anauliza mambo mengine yote kwanza, mvua, mahindi, barabara, halafu mwisho kabisa anauliza, "Na fundi, amesema nini?" Fundi hakuwa amesema kitu. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa na kwenda kulala mapema.

Basi Jumatano nikapiga. Namba nilipewa na fundi mmoja wa mtaa wa Komarock aliyejifunza kushona kwa Kamau. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Habari, Baba Wambui. Ni Nekesa. Nekesa wa Wafula, wa Mowlem."

"Kale kasichana ka rangi," akasema.

Nikamwambia Baba amefariki. Akasema pole, akalirudia mara nyingi, akasema Wafula alikuwa mtu. Sauti yake ilikuwa imezeeka, ila utani ulikuwa bado umo mahali fulani chini. Nikaona nikingoja nitakosa ujasiri, nikayamwaga yote, nusu, koti ya kwanza, brashi namba mbili, mkono wa Baba kichwani mwangu. Nililia vibaya, kilio cha mtoto. Nilimwambia, "Si yeye. Ni mimi niliandika."

"Najua, mami."

Nilidhani hakusikia. Nikarudia.

"Najua. Mimi niliishi na mwandiko wa Wafula miaka kumi na mbili. Nikitoka nauona, nikirudi nauona. Yule mtu hata barua ya kuomba chumvi angeandika na rula. Ile ilikuwa imepanda mlima yote. Nilijua nikiwa bado nimelala pale chini. Na aliponiambia ni yeye, nikaona anafunika mtoto wake. Hata mimi ningefunika wangu."

Hasira ikanishika, hasira ambayo sina haki nayo. "Alikuwa anakutumia salamu."

"Zilifika."

"Amekufa akijua unamchukia. Miaka yote hii. Ungemwambia tu neno moja. Ungerudi hata siku moja."

"Nirudi," akasema polepole, bila ubaya wowote, "halafu niandike nini kwenye geti?"

Nilisikia kuku upande wake, na redio, mwanasiasa akipiga kelele mkutanoni, na watu wakimshangilia. Huku kwangu alikuwa anasikika mwingine. Nikajikaza nikamwambia tunamzika Jumamosi nyumbani, kwamba ningependa aje, hata kama ni kuketi tu na kunywa chai, tutamtumia gari.

"Kwenu kule?"

"Ndiyo."

"Mwaka huu?" Akakohoa kidogo. "Hawa watu wameanza tena, mami. Unawasikia. Ingekuwa mwaka mwingine ningekuja."

Nilitaka kumwambia kwamba ni matanga, kwamba atakuwa mgeni wetu na hakuna atakayemgusa. Nikawafikiria vijana wa kule kwetu wanaoketi pale kwenye stendi ya pikipiki, binamu zangu wakiwa kati yao, na mambo niliyowasikia wakiyasema Pasaka kuhusu watu wenye majina kama lake. Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa.